Wali Usiopepewa

Las Vegas, 9 Januari 2018

Dada Hatsuyo,

Mimi Tokuo mdogo wako nina miaka themanini na miwili na bado naandika kwa mkono wangu. Nimeyapita mawimbi makubwa mawili, lile la 1946 lililobeba jiko letu na lile la 1960 lililobeba watu. Nimelipita shamba la miwa lililodhani litatuzika sote. Nimepita mashua tatu, manahodha wanne, mke mmoja mzuri kuliko nilivyostahili, na daktari aliyeniambia nikivuta sigara tena nitakufa. Aliyekufa ni yeye.

Usicheke mwandiko. Unajua niliacha shule mapema kwenda kuvua jodari. Joyce alitaka kunipigia hii kwenye kompyuta yake, nikamwambia mwanangu, shangazi yako ataijua barua yangu hata ikiandikwa kwa mkaa. Kukupigia simu sitaki tena. Mara ya mwisho nilikuambia nimelazwa kwa ajili ya pafu, ukanijibu kwamba mvua huko haijaacha.

Sasa sikiliza. Aprili unatimiza themanini na nane, mwaka wa mchele kama wazee wetu wa Kijapani walivyouita, maana herufi yao ya mchele inasomeka themanini na nane. Siku kama hiyo mtu anakaa na ndugu zake, na ndugu uliobaki naye ni mimi peke yangu. Daktari mpya amenikataza ndege. Anasema pafu la kushoto limeshanywea mara moja, likipanda juu tena litanywea moja kwa moja. Kwa hiyo mimi siwezi kuja huko kisiwani Papaikou, si leo wala siku nyingine. Wewe una mapafu ya farasi. Njoo wewe.

Nitakulisha sushi ambayo hata shemeji Shigeo, Mungu amrehemu, angekificha kisu chake kwa aibu. Mji huu ni jangwa tupu, midomo inapasuka na ganda la chungwa linakauka kabla hujamaliza chungwa lenyewe, lakini samaki wanashuka na ndege kila asubuhi. Nina mahali pangu. Nikiingia wanasimama.

Nduguyo,
Tokuo


Papaikou, 22 Januari 2018

Toku,

Barua imefika. Mwandiko ni ule ule, kama kuku aliyekanyaga wino.

Glenn mwanangu na mkewe wanataka kukodi ukumbi wa hekalu. Watanivika koti la rangi ya dhahabu, watanipiga picha na watu nisiowapenda, kisha watanilisha tambi za baridi. Sijasema ndiyo. Ningependa kukaa karibu nawe siku hiyo. Hilo sitaliandika mara ya pili.

Lakini nina sharti. Mwaka wa mchele nitaula wali wa siki uliopikwa sawasawa. Samaki simtaki sana, samaki mzuri hata mjinga anaweza kumnunua. Nataka wali. Miaka arobaini nimepika wali nyuma ya pazia la duka letu, na waliosimama mbele walikuwa wakimsifu Shigeo kwa kisu chake. Sitafika umri huu, nikae kwenye ndege kwa saa sita, halafu nitafune kokoto kwa adabu mbele ya watalii.

Niandikie jina la hapo wanaposimama ukiingia, na uniambie wali wao ukoje. Glenn anataka jibu kabla Machi haijaisha. Kama hakuna mahali, sema hakuna. Nitakula huku, na picha yako nitaiweka mezani.

Hatsuyo


Las Vegas, 11 Februari 2018

Dada,

Picha yangu usiiweke popote. Picha mezani ni za waliokufa.

Mahali pangu pamefungwa. Mwenyewe amehama ghafla na hakuniaga, ndivyo walivyo watu wa siku hizi. Si neno. Joyce ananizungusha kila siku anapokuwa hana zamu ya kugawa karata, na mimi jicho langu unalijua. Lakini dada, mji huu utanimaliza kabla ya pafu.

Tulianza na mgahawa mmoja ulio ndani ya kasino kubwa. Ili ufike lazima upite katikati ya mashine za kamari, zinalia kama mbuzi, njia inapinda makusudi ili upotee ucheze. Nilipumzika mara mbili. Tulipofika, vijana wote wakapiga kelele ya kutukaribisha kwa Kijapani cha kwenye televisheni. Wali ulikuwa baridi kama mguu wa maiti. Juu ya samaki wameweka vitu vinang'aa.

"Kijana, hiki nini?"

"Dhahabu, babu."

"Inaliwa?"

"Inaliwa kabisa."

"Ina ladha gani?"

Akafikiri sana, maskini. "Haina ladha."

"Basi kampelekee bibi harusi."

Mwingine ni wa kula mpaka ushibe, ila wana sheria kwamba ukiacha wali kwenye sahani wanakutoza zaidi. Sheria ya kulazimisha watu wale wali! Hapo ndipo ujue wali wenyewe. Vipande wamevijaza jibini na mayonesi, vingine wanavichoma kwa moto wa gesi kama fundi bomba. Wali nilioshindwa niliuficha ndani ya kofia. Joyce aliugundua tukiwa garini, akasema, "Baba, una nini kichwani?" Nikamjibu, akili.

Ipo mingine, sitakuchosha. Mmoja wali ulikuwa uji. Mmoja mpishi alikuwa anaongea na simu ya kwenye sikio huku anabana samaki, nikadhani ananitukana mimi.

Halafu jana. Joyce alisikia kwa wenzake kazini kuhusu kiduka kilichobanwa kati ya gereji ya matairi na dobi. Viti vinane tu. Mpishi ni mama mmoja, Marisela, mzaliwa wa huku huku, wazazi wake walitoka Meksiko, mikono minene kama ya baharia. Nikasema sawa, tuone. Akamimina wali wa moto kwenye beseni la mbao. Vizuri. Akanyunyiza siki. Vizuri. Akaukata kwa mwiko bila kuuponda, vizuri sana, moyo wangu ukaanza kupanda. Kisha, dada, akachukua kitambaa kibichi akaufunika, akaweka na mfuniko. Basi!

"Mama," nikamwambia, "upepeo uko wapi?"

"Upepeo wa nini, babu?"

"Wa wali."

"Wali wangu haujazimia."

Watu wakacheka. Nikasimama. Nikamwambia nimepepea wali tangu kabla mama yake hajazaliwa, na wali usiopepewa ni wali ambao hakuna aliyeupenda. Akasema, "Kaa ule kwanza, babu, ndipo unitukane kwa ushahidi." Sikukaa. Joyce aliona haya, amenuna mpaka leo.

Wewe unakumbuka. Wewe unakata kwa mwiko, mimi napepea. Pwani ile yote hakuna mkono uliopepea kama wangu. Sasa niambie, mtu asiyejua hata hilo atajua nini?

Natafuta bado. Mwambie Glenn atulie.

Tokuo


Papaikou, 20 Februari 2018

Toku,

Hukula?

Umeandika ukurasa mzima kuhusu wali ambao hukuuonja. Wali wa waliokupa dhahabu uliula. Wa waliokujaza kofia uliula. Huyu aliyekata kwa mwiko bila kuponda umemwachia matusi na kiti kitupu.

Fanya hivi. Pika wali wewe mwenyewe, si Joyce. Tia siki, upepee kama tulivyokuwa tunapepea. Usiufunike. Uache mezani, unywe kikombe kimoja cha chai, kisha uule. Niandikie ulichokiona.

Hatsuyo


Las Vegas, 6 Machi 2018

Shangazi mpendwa,

Ni mimi Joyce. Tafadhali usimwambie Baba kama nimekuandikia.

Wiki hii nzima anapika wali nikiwa kazini. Akisikia gari langu anaumwaga uani, anadhani sioni. Ndege wa mtaa mzima sasa wanakuja kwetu, na hata wao wanaugonga kwa midomo kama wanapasua karanga. Jikoni nimekuta kipande cha boksi amekikata duara, amekifungia mpini wa kijiko. Nilipomuuliza akasema anapigia nzi. Hatuna nzi, Shangazi. Ni majira ya baridi.

Juzi nilirudi mapema nikamkuta amekaa mbele ya beseni, anapepea na anahema. Nikamwambia, "Baba, pumzika." Akaniambia mchele nilionunua ni wa farasi. Kisha akasema polepole, "Dada hawezi kuja kama sikupata mahali." Sijawahi kumsikia akisema neno kwa sauti ile.

Yule mama Marisela nimerudi kwake peke yangu. Sitakueleza, sijui kuhusu wali kama mnavyojua ninyi. Nilichojua ni kwamba nilikula kimya, na mimi si mtu wa kukaa kimya.

Baba hanisikilizi. Labda wewe atakusikia.

Joyce wako


Las Vegas, 7 Machi 2018

Dada,

Nimepika kama ulivyosema. Ulitoka vizuri sana. Isipokuwa mchele wa bara ni mbovu, maji yana chokaa, na Joyce anawasha mashine ya joto kutwa. Ukiondoa hayo, ulikuwa wali kamili, ungejivunia.

Na habari njema, nimepata mahali. Mpishi ni kijana mwenye adabu, ananiita bwana mkubwa. Nilimwambia apepee, akapepea mbele yangu. Nimemfundisha mwenyewe. Mwambie Glenn asikodi ukumbi. Nunua tiketi.

Tokuo


Papaikou, 15 Machi 2018

Toku,

Kijana anayekuita bwana mkubwa umeniandikia. Wali wake hukuniandikia. Nimesoma barua yako mara mbili kuutafuta, haumo.

Glenn amekodi ukumbi. Nimemruhusu.

Sasa nikuulize, kwa nini tulikuwa tunapepea? Huku kwetu nguo hukaa kambani wiki nzima na bado unazivaa mbichi. Viatu vinaota ukungu kabatini. Wali ukitoka kwenye chungu unatoka jasho, na hewa yetu haitaki kulipokea. Kwa hiyo tunaupepea. Umeniandikia mwenyewe kwamba huko midomo inapasuka na ganda la chungwa linakauka mkononi. Umeandika lakini hukusikia ulichoandika.

Na kitu kingine, kwa kuwa sisi ni wazee na sitaki kukibeba. Nilikuwa na mikono miwili, Toku. Mmoja wa mwiko, mmoja wa upepeo. Kila mpishi wa pwani ile alifanya hivyo peke yake. Upepeo nilikupa kwa sababu Mama alikuwa ametoka kuzikwa na wewe hukuacha kulia, na mikono yako ilitaka kazi. Ukapepea, ukanyamaza. Kuanzia hapo sikuweza kukunyang'anya.

Ukumbi unaweza kufutwa mpaka tarehe thelathini. Usiniandikie tena kuhusu upepeo. Kula, kisha uandike.

Hatsuyo


Las Vegas, 21 Machi 2018

Dada,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya mto. Ya Mama sitajibu. Siyo kwamba sina maneno, maneno ninayo mengi kuliko mtu yeyote mtaani hapa.

Kijana mwenye adabu alipepea mpaka wali ukalia mdomoni kama mchanga. Nilimpongeza. Ningefanyaje, nilimwamuru mwenyewe.

Leo nilimwambia Joyce anipeleke kwenye matairi. Akaendesha bila kuuliza kitu, na mdomo ameukaza asicheke. Marisela aliniona mlangoni.

"Babu wa upepeo! Umeleta ushahidi?"

"Nimeleta njaa."

"Hiyo nitaiweza. Kaa."

Nikakaa. Nikamuuliza, lakini kwa heshima, kwa nini anafunika. Akasema, "Babu, hapa jangwa linapepea bure, tena halichoki. Mwaka wangu wa kwanza nilipepea kama nilivyofundishwa, wateja wakawa wanatafuna kama ng'ombe. Kazi yangu siyo kuleta upepo. Kazi yangu ni kuufungia nje."

Akaniwekea kipande cha kwanza mbele yangu. Dada, wali ulikuwa na joto la kiganja. Kila punje peke yake, na zote zimeshikana. Siki ilikuja, ikasalimia, ikaenda zake. Nikala cha pili, cha tatu. Sikumbuki samaki alikuwa nani, na mimi jodari namjua kwa harufu ya jina lake.

"Mbona kimya?" akaniuliza.

"Natafuta kosa."

"Ukilipata niambie."

"Leo silioni. Nitarudi kesho kulitafuta."

Wali wake ndio huu. Ukoje? Uko kama wa nyuma ya pazia.

Joyce anaituma hii kwa njia ya haraka. Kama imechelewa, basi nimechelewa mimi, siyo posta. Njoo.

Tokuo


Papaikou, 28 Machi 2018

Toku,

Glenn amefuta ukumbi, amekasirika. Mwambie huyo mama asijipambe kwa ajili yangu. Kitambaa kiwe kibichi, kisidondoshe maji.

Hatsuyo


Las Vegas, 29 Aprili 2018

Glenn mpwa wangu,

Umeniandikia kwa hasira kwamba mama yako amerudi anacheka peke yake jikoni, na kwamba wazee wa hekaluni wanasema nilimtoa kwenye heshima zake kwenda kula kando ya gereji. Yote mawili ni kweli. Sasa nakueleza mimi mjomba wako, ili usisikie kwa watu.

Kwanza ujue mahali pale nilipagundua mimi. Mapema kabisa, Februari. Nilikaa mwezi mzima nikipapima kwa mbali.

Siku ile mashine ya hewa ya duka iliharibika. Fundi hakuja, na jua lilikuwa limeamua. Marisela alifungua mlango wa nyuma, harufu ya mpira wa matairi ikaingia. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha, amevuka bahari nzima aje kunusa matairi. Mama yako hakukaa hata kwenye kiti. Alizunguka kaunta moja kwa moja, akainua kitambaa, akanyoosha kidole kwenye wali.

Marisela akamshika mkono. "Bibi, nyuma ya kaunta yangu hapana."

Joyce akafumba macho. Mimi nilishika kiti.

Mama yako akamtazama. "Nimekaa nyuma ya pazia miaka arobaini."

"Basi leo," Marisela akasema, "kaa mbele."

Glenn, mama yako alikaa mbele. Sijamwona akimtii mtu tangu nizaliwe. Akala cha kwanza, akatafuna, akatazama ukuta. Nikamwambia, "Dada, vipi?" Hakunisikia, au hakutaka. Akala cha pili. Halafu akamwita Marisela kwa kidole, akamnong'oneza kitu. Nilimuuliza Marisela baadaye ni nini, akasema hayo ni mambo ya wapishi.

Kisha mama yako akafungua mkoba wake akatoa upepeo. Ule ule, wa karatasi, wenye alama ya duka la mchele, mpini umefungwa uzi mpya. Sikujua kama bado anao. Nilijua amekuja nao kunisema mbele ya watu, na viti vyote vinane vilikuwa vimejaa.

Akanipa mkononi.

"Wali usiuguse," akasema. "Nipepee mimi, naungua."

Nikampepea. Mkono wa kulia ukachoka, nikahamia wa kushoto. Pafu likaanza kupiga filimbi, Joyce akataka kunipokea, nikamkatalia. Mama yako alikula taratibu kama mtu asiye na ndege ya kuwahi. Kila akimaliza kipande ananitazama kuona kama nimepunguza. Sikupunguza. Nilimpepea mpaka akaweka vijiti chini, na nywele zake nyeupe zilikuwa zinacheza kama za msichana.

Ndivyo ilivyokuwa. Kama kuna mtu hekaluni anabisha, amuulize Marisela, ambaye hana sababu ya kunisifu. Amuulize Joyce, aliyelia akasema ni ile pilipili ya wasabi. Amuulize Dewayne fundi wa matairi, aliyesimama mlango wa nyuma na spana mkononi mpaka mwisho. Au amuulize mama yako mwenyewe, lakini aseme kwa nguvu, tena upande wa kulia, maana sikio la kushoto anasikia anachotaka tu.

Mjomba wako,
Tokuo